Sanduku la Kufuli Tatu

Karakana, 4 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Salamu nimezikata nusu, nusu nyingine utaikuta mwisho wa barua kama karatasi itatosha. Mimi mzima. Goti la kushoto tu ndilo limejitenga na mwili, tena bila kupiga kura.

Najua umeshasikia. Nchi yetu imeamua kutoka kwenye Umoja, na ninyi wa ng'ambo ya daraja mmebaki ndani. Mimi nilipiga kura tubaki, kama ulivyoniagiza, lakini kura moja ya mzee wa goti bovu ingefanya nini mbele ya watu waliokuwa wanaimba? Walituzidi. Usinilaumu.

Aliyeimba kuliko wote ni mwanetu Kibiriti. Unakumbuka marehemu mdogo wetu alivyompa mwanawe jina hilo, kichwa kidogo halafu kuwaka haraka. Sasa ni mheshimiwa mbunge na bado anawaka. Kila mkutano alinyanyua kufuli niliyoitengeneza mimi, akasema nchi ni nyumba, na nyumba isiyo na kufuli ni kichochoro. Watu wanapiga makofi, na mimi mstari wa mbele nimevishwa kilemba cha ukoka mpaka shingo inaniuma.

Lakini sisi wa kata hii si wajinga wote kwa siku moja. Kabla ya kura tulimwita kwenye ukumbi wa shule tukamwambia: watu wakisema tutoke, masharti ya kutoka yatakuja kusomwa hapa, mstari kwa mstari, kabla hujainua mkono bungeni. Ukiinua bila kutusomea, kiti unarudisha. Akaandika hivyo kwa mkono wake, akatia sahihi na dole gumba. Mwalimu mkuu akasema itolewe nakala. Nani alikataa? Mimi. Nilisema nakala ni kazi ya watu wasio na fundi wa kufuli. Nikaahidi sanduku la chuma lenye kufuli tatu, lisilofunguka mpaka funguo zote tatu zikutane. Ukumbi ulicheka, ukakubali. Juzi nimelimaliza, karatasi imeingia, na sanduku liko ofisini kwa mwalimu mkuu chini ya kabati.

Ufunguo mmoja anao Kibiriti, asije akasema tumemchezea shere. Mmoja ninao mimi, shingoni. Wa tatu ndio huo nilioufunga kwenye kitambaa ndani ya bahasha hii. Watu walitaka mtu asiye na kura hapa, maana asiye na kura hana cha kupoteza. Nikakutaja wewe. Uutunze. Nimeapa mbele yao kwamba wa nne sitachonga.

Tena nimepata kazi kubwa, kufuli kumi na mbili za serikali, za maghala fulani. Usiniulize ghala gani. Mimi ni fundi, siulizi mlango unafunga nini.

Nusu ya salamu ndiyo hiyo.

Kaka yako,
Mzee Funguo


Ng'ambo, 19 Machi

Kaka,

Ufunguo umefika. Nimeutia kwenye kopo la vifungo, katikati ya vifungo vya makoti, mahali ambapo hata mimi huwa sipati ninachotafuta.

Nani huyo aliyesema asiye na kura hana cha kupoteza? Mlete hapa nimpime kiuno. Nusu ya wateja wangu wanavuka daraja kutoka kwenu. Uzi wangu unatoka kwenu. Mume wangu amezikwa huku, baba na mama wako huko, na kila mwaka navuka kwenda kung'oa majani kwenye makaburi yao kwa sababu wewe na goti lako hamfiki. Nina cha kupoteza zaidi kuliko ukumbi wenu wote. Kura tu ndiyo sina.

Ila nakushukuru kwa kura yako. Majirani hapa wananiuliza, ndugu zako wa kule wamekutupa? Nawaambia, wengine wamenitupa, kaka yangu hakunitupa. Nawaambia hivyo nikiwa nimenyoosha shingo.

Sasa niambie kweli, siyo kwa utani wako. Daraja litafungwa?

Mdogo wako,
Sindano


Karakana, 30 Aprili

Sindano wa kuchoma,

Daraja halifungwi. Kibiriti kaniapia hapa hapa karakanani, akiwa amekaa kwenye kile kigoda alichokuwa anakalia nikimfundisha kuchonga funguo, siku hizo hajui hata kufunga kamba za viatu vyake. Anasema watu wa kawaida watavuka kama kawaida. Labda kutakuwa na geti la kuhesabia magari.

Alikuja bila walinzi, nikafurahi. Akasema, "Baba Mkubwa, hebu nione kazi ya mikono yako. Huko mjini naona vya kiwandani tu, vyepesi kama biskuti." Nikavua ufunguo shingoni nikampa. Akaugeuza, akausifia meno, macho yakamlegea kama mtu anayeangalia picha ya zamani. Nikamwacha nao nikaenda kuzima mtambo wa kunolea. Niliporudi yuko bombani ananawa mikono, ananawa kama bibi harusi, mpaka nikamuuliza kwani huko bungeni mnashika nini. Akacheka, akanirudishia ufunguo ukiwa umelowa, akaniaga.

Alipoondoka nikakuta sabuni haipo. Kipande kizima, kipya. Mbunge mzima anaiba sabuni ya mzee. Nimewasimulia watu wa mtaani, tumecheka mpaka goti likapona kwa dakika tano.

Lala salama. Mtoto wetu ni mwizi wa sabuni, siyo wa madaraja.

Kaka yako,
Mzee Funguo


Ofisi ya Mbunge, 6 Juni

Mpendwa Baba Mkubwa,

Natumaini hujambo. Naandika kwa heshima zote, ili usisikie ya mitaani ukayaamini.

Ni kweli jana niliinua mkono kuyapitisha masharti ya kutoka. Ni kweli pia kwamba hayakusomwa kwanza ukumbini. Yalikuwa kurasa mia sita na kumi, yalitufikia asubuhi, tukapiga kura mchana. Kuna nyakati taifa haliwezi kusubiri kata moja ivae miwani. Wananchi walikwisha kusema wanataka kutoka, na mimi nimetii sauti yao. Nchi kwanza, Baba Mkubwa, wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mlango haufungwi nusu.

Nasikia mnataka kulifungua sanduku. Sina pingamizi. Nitakuja na ufunguo wangu, kwa moyo mweupe. Karatasi itakayotoka humo ikisema nirudishe kiti, nitakirudisha siku hiyo hiyo, mbele ya wote.

Mwanao mtiifu,
Mheshimiwa (kwako ni Kibiriti tu)


Karakana, 10 Juni

Mdogo wangu,

Ameinua mkono. Tulimsikia redioni nikiwa nimeshika tupa, nikajikata kidole. Yule yule aliyeapa kwa dole gumba, mimi nimetoa damu kwa niaba yake.

Masharti yenyewe yameanza kutoka gazetini vipande vipande, kama nyama ya kuuza rejareja. Kipande cha leo kinasema kuanzia tarehe mosi Julai, daraja ni la wenye vibali tu. Nilikisoma mara tatu, nikidhani macho ndiyo yanadanganya. Kumbe macho ndiyo peke yake yaliyokuwa hayajadanganya.

Sanduku linafunguliwa tarehe 28, ukumbini. Nitumie ufunguo wako haraka, kwa rejista. Kibiriti ameniandikia kwamba atakuja na wake bila kuburuzwa, na hilo ndilo linaloninyima raha. Mtu anayedaiwa akikukaribisha nyumbani kwake ukapekue, jua kwamba ameshahamisha vitu.

Lakini atakuwa amehamishaje? Funguo ni tatu.

Kaka yako,
Mzee Funguo


Ng'ambo, 20 Juni

Kaka,

Ufunguo huu hapa. Usinishukuru.

Maghala yako yanaendeleaje?

Sindano


Karakana, 29 Juni

Sindano,

Nakuandikia kidole bado kimefungwa kitambaa, kwa hiyo herufi zikikaa upande zisamehe.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mwalimu mkuu akaleta sanduku, akaliweka mezani. Kibiriti akatangulia, akafungua kufuli yake, akanipisha kwa heshima kama anayempisha bibi mlangoni. Nikafungua yangu. Nikafungua ya kwako. Nikanyanyua kifuniko.

Mlikuwa na kikaratasi cha kampeni. Picha ya kufuli yangu, na chini yake maneno, Mlango Wetu, Kufuli Yetu. Basi. Ya ahadi haipo.

Kibiriti akakitoa kile kikaratasi, akakionyesha huku na huku, akasema kwa upole, "Wazee wangu, ahadi niliyoikuta ni hii, na hii nimeitimiza." Watu wake wa nyuma wakapiga makofi. Wengine wote wakaniangalia mimi. Mwenye duka la vyuma, ambaye tumenunuliana chai miaka thelathini, akasema kwa sauti, "Fundi, hili ni sanduku lako." Mwalimu mkuu akatazama pembeni, afadhali angenitukana.

Wakaanza kukumbushana ilivyoandikwa. Huyu anasema iliandikwa atarudisha kiti, huyu anasema iliandikwa ataomba radhi, mwingine anaapa hakukuwa na dole gumba. Miezi minne tu, na watu mia mbili hawana neno moja la pamoja. Tungekuwa na nakala. Nani alikataa nakala?

Nilirudi karakanani nikaenda kunawa, nikanyoosha mkono kwenye kisahani cha sabuni, na hapo hapo nikaelewa. Ukikandamiza ufunguo kwenye sabuni, meno yote yanabaki humo, ukimwaga humo madini ya risasi yaliyoyeyushwa, una ufunguo. Huo ujuzi anao mtu mmoja tu katika mji huu zaidi yangu, na nilimfundisha mimi nikiwa najisifu.

Kwa hiyo wangu ameuchukua kwa sabuni. Wake anao. Na ofisini kwa mwalimu mkuu, mbunge haulizwi amefuata nini. Niambie, wako ameuchukuaje?

Kaka yako


Ng'ambo, 8 Julai

Kaka,

Hakuuchukua. Nilimpa.

Sasa kaa, maana na mimi nilikaa.

Mwanzoni mwa Mei walisimamisha geti darajani. Nikaenda kuliangalia na wanawake wenzangu wa soko la nguo. Geti la chuma, refu, na juu yake kufuli mpya. Wenzangu waliona kufuli. Mimi niliona zile nukta tatu na mkia wa samaki, ambazo unagonga chini ya kila kazi yako tangu nikiwa msichana nakushikia taa. Nilizihesabu. Kumi na mbili. Hayo ndiyo maghala.

Siku nne baadaye Kibiriti akaja kwangu na gari la serikali. Sikumuuliza habari za mjini, nilimuuliza jambo moja, kaka yangu alipiga kura gani? Akasita, nadhani kwa adabu, kisha akasema, "Shangazi, aliniambia mwenyewe siku ile ile. Alisema tutoke. Akaniomba nisikwambie."

Umeona? Mwanasiasa ndiye aliyeniambia kweli. Wewe ndiye uliyenipa uongo nikautembeza kwa majirani nikiwa nimenyoosha shingo.

Akaniuliza kama angeweza kuuazima ufunguo kwa wiki moja. Akaweka mezani kibali cha daraja chenye jina langu. Sikujifanya sijui alichokuwa anataka. Niliingiza mkono kwenye kopo la vifungo na safari hii niliupata mara ya kwanza.

Nilifikiri, karatasi yao ina faida gani kwangu? Iliandikwa na watu waliokuwa wameshaamua kunifungia nje, ikahifadhiwa na fundi aliyetengeneza kufuli ya kunifungia. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa na raha yake.

Baadaye nikakisoma kibali vizuri. Kimeandikwa kuingia mara moja tu, siku tatu, kisha kinarudishwa getini. Mara moja. Mimi na wewe ametupiga chenga kwa mguu ule ule.

Siombi msamaha. Bado.

Sindano


Karakana, 15 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa sababu uliniambia nikae. Ubishi ni ugonjwa wa ukoo. Mwisho nilikaa.

Ni kweli yote. Nilisema tutoke. Sitakuambia ni kwa ajili ya taifa, taifa halijawahi kuja hapa kutengeneza ufunguo. Kufuli za kiwandani zilikuwa zinaingia kutoka nchi za Umoja kwa bei ya karanga, na mimi nilikuwa nakaa hapa siku nzima nikinoa bisibisi zisizo na kazi. Halafu mtoto niliyemlea akasimama jukwaani na kufuli yangu, watu elfu wakaipigia makofi. Wewe ulishawahi kupigiwa makofi na watu elfu? Kinachoshikwa hapo siyo akili. Nilipotoka kwenye chumba cha kura nilijisikia kijana, nikamwambia Kibiriti, na nilipofika nyumbani nikakuandikia uongo, maana nilijua ningekuandikia kweli ungefunga safari uje kunichapa na rula yako ya mbao.

Na zile kumi na mbili, walipoleta vipimo niliona ni vya geti. Nilijiambia ghala. Mtu akitaka kujidanganya hakosi neno.

Kwa hiyo ukoo mmoja ulipewa funguo tatu za watu mia mbili. Mmoja akaiba, mmoja akauza, na mmoja alitanguliza kifua mbele akijisifia chuma. Wa kulaumiwa wapo wa kutosha, tena wote wana pua ya baba yetu.

Sasa sikiliza. Tarehe mosi Agosti, Jumamosi, ukumbi unakutana tena. Watataka kupeleka madai rasmi kwamba arudishe kiti, na wanauliza ushahidi uko wapi. Mimi nina hadithi ya sabuni, na wameshaanza kuicheka. Wanahitaji mtu aliyempa ufunguo kwa mkono wake.

Na kuna jambo moja. Yule mtoto mimi na mama yake tulimlea vizuri kupita kiasi. Tangu darasa la kwanza, akipewa kitu lazima aandike asante. Alikurudishia ufunguo bila kuandika? Tafuta kwenye kopo.

Kama ipo, usiitume kwa posta. Karatasi moja tumeshaipoteza kwa kuamini chuma, ya pili tusiipoteze kwa kuamini bahasha. Njoo nayo.

Kaka yako mwongo,
Mzee Funguo


Ng'ambo, 23 Julai

Kaka,

Ipo. "Shangazi mpendwa, asante sana kwa kuniazima ufunguo wa sanduku, nimeshamaliza kazi nao." Tarehe, sahihi, na chini kabisa amechora ule moto mdogo wa kibiriti kama alivyokuwa anachora kwenye daftari zake. Nilicheka peke yangu kama mwehu, kisha sikucheka.

Unajua unaniomba nini? Kibali changu ni cha mara moja. Nilikuwa nimeshakiwekea siku yake, na siku yenyewe, usikasirike, ni ya maziko yako. Wewe una miaka sabini na tisa na goti lililojitenga bila kupiga kura. Nilisema, nikisikia tu, nitavuka, nikuoshe, nikuzike karibu na mama, ning'oe majani, nirudi. Nikikitumia Jumamosi kwa Kibiriti, siku yako nitasimama getini upande wangu nikiangalia nukta tatu na mkia wa samaki.

Halafu hawatanipa kingine. Ameshaniandikia tena, kwa upole wake ule, kwamba vibali "hupitiwa upya kulingana na mwenendo wa mhusika." Mwenendo wangu.

Nimekaa na jambo hili siku tatu, nimekata gauni la mteja vibaya. Nimefikia hapa: mazishi utakuwa hunioni. Jumamosi utaniona.

Nakuja. Nitasema nilichofanya, na nilifanya kwa nini. Kwa hiyo na kura yako nitaisema, na kufuli za daraja nitazisema, zote kumi na mbili, mbele ya mwenye duka la vyuma. Uwe umekaa mstari wa mbele, pale pale ulipokaa ukivishwa kilemba. Sikusamehe. Nakuja tu.

Na safari hii tafadhali mwambie mwalimu mkuu atoe nakala, kila nyumba yake.

Mdogo wako,
Sindano


Karakana, 27 Julai

Kibiriti mwanangu,

Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbi wa shule. Hakuna sanduku, hakuna kufuli, mlango utakuwa wazi na madirisha pia. Shangazi yako atakuwepo. Kibali ulichompa anakimalizia kwetu, mwambie mtu wako wa getini asimcheleweshe.

Mimi nitasimama wa kwanza niseme yangu, kabla shangazi yako hajanisimamisha. Yeye atafuata. Wa tatu ni wewe. Ukitaka kutuma mwakilishi usihangaike, hili si la kutumiana.

Uje na ile sabuni yangu. Ukoo mmoja, mikono sita, na hakuna hata mmoja ulio safi.

Baba yako Mkubwa